Pimbi Mwatumu na Mlango wa Mahabusu

— Haya, niwape au nisiwape?
— Tupe!
— Nikiwapa mtaishika?
— Kwa mikono miwili!
— Ikiwachoma?
— Tutaipuliza!
— Basi sogeeni. Palikuwa na nchi.
— Iwepo!
— Na nchi ilikuwa na majabali.
— Yawepo!
— Na majabalini palikuwa na mnyama mdogo asiye na mkia.
— Awepo huyo huyo!

Basi huyo huyo ndiye pimbi. Mnamjua pimbi. Mkia hana, pembe hana, kucha za maana hana. Hata leo mtu akitaka kukudharau anakuita pimbi. Nawaambia mapema kwamba ngano hii si ya kucheka sana. Mimi nilizaliwa kota za polisi, baba yangu alikuwa koplo, na mama alinisimulia ngano hii akipiga pasi magwanda ya baba. Tulieni mnisikilize.

Zamani hizo majabalini hapakuwa na polisi. Pimbi walijilinda wenyewe, kwa zamu. Leo zamu yako, kesho zamu yangu. Mwenye zamu anapanda jabali la juu kabisa, wenzake wanashuka kula majani. Akiona kivuli cha tai, anapiga mluzi: fyuuiii! Wote mbio kwenye nyufa: papapapa, kimya. Akiona majani yanatikisika na upepo hakuna: fyuuiii! Papapapa, kimya. Siku nyingine walichelewa, na mmoja wao akachukuliwa. Walimlilia, wakapangiana zamu tena, wakaendelea kuishi.

Kisha Simba, mfalme, anayekaa mbali huko ambako sisi hatujafika, akasikia kwamba nchi nyingine zina polisi. Akasema, "Na mimi nataka."

Ikaletwa amri, imeandikwa kwenye gome la mti. Wanyama wote wakaitwa mkutanoni. Kobe ndiye aliyejua kusoma, akasoma. Alisoma polepole, mnamjua Kobe.

"Jeshi la Polisi lina kazi tano," akasoma. "Moja, kulinda wanyama na makao yao. Mbili, kuzuia uhalifu. Tatu, kuupeleleza. Nne, kukamata wahalifu. Tano, kutunza amani."

Wanyama wakapiga makofi, pa! pa! pa! Maneno yalikuwa mazuri. Hata mimi ningepiga.

Wakagawiwa vyeo. Chui akawa Mkuu wa Polisi. Kwa nini Chui? Kwa sababu ana mbio, ana nguvu, na alipoulizwa kama ana uzoefu na wahalifu, alisema anao mwingi. Mbweha akawa Inspekta wa upelelezi, kwa ajili ya pua yake. Nungunungu akawa Sajenti wa mahabusu, kwa ajili ya miiba yake. Kobe akawa Koplo wa kaunta, kwa sababu hana haraka ya kwenda popote.

Chui akavaa kofia. Akapanda juu ya jiwe, akasema:

"Raia wema! Toka leo kutahadharisha ni kazi ya polisi. Kulinda zamu ni kazi ya polisi. Raia akipiga mluzi, anavunja amani. Mmenielewa?"

"Tumekuelewa, Afande!"

Pimbi wakaendelea kupanda jabali kwa zamu, lakini zamu ikabaki ya kutazama tu. Mwenye zamu anaona kivuli, anaziba mdomo kwa mikono miwili. Wiki ya kwanza walipotea watatu. Wakaenda kaunta kutoa taarifa. Kobe akaandika, kwa mwandiko mzuri sana.

Sasa, palikuwa na mama mmoja wa pimbi, jina lake Mwatumu. Alikuwa mjane. Tai alishamchukulia mume na watoto wawili, akabakiwa na binti mmoja, Tunu. Huyu Tunu alikuwa hatulii. Ukimwambia kaa hapa, ukigeuka yuko kule. Meno yake ya mbele yalikuwa na pengo, na pengo hilo liliufanya mluzi wake uwe mkali kuliko wa pimbi wote. Mama yake alikuwa akimwambia, "Wewe Tunu, ukipiga mluzi wako mawe yanapasuka," naye anacheka mpaka anapiga chafya.

Asubuhi moja ilikuwa zamu ya Tunu. Yuko juu ya jabali, anatazama. Chini, kwenye jiwe bapa, watoto saba wa pimbi wanaota jua, wamelaliana kama viazi kwenye kapu. Mara majani yakatikisika. Upepo hakuna. Tunu akakaza macho. Akaona kofia. Kofia inatembea juu ya majani, taratibu, nya… nya… nya… inaelekea kwenye jiwe bapa.

Tunu akatazama kushoto, atafute polisi. Hakuna. Akatazama kulia, atafute polisi. Hakuna. Polisi alikuwa pale pale chini ya kofia.

Tunu akaondoa mikono mdomoni.

Fyuuuuiiii!

Papapapa! Watoto wote saba nyufani, kimya. Chui akaruka, akatua juu ya jiwe tupu: pwa! Ukucha ukavunjika.

Angemla Tunu pale pale, lakini pimbi walikuwa wanachungulia kutoka kila ufa, na yeye alikuwa amevaa kofia ya kazi. Akamshika shingoni, akasema kwa sauti ili wote wasikie:

"Uko chini ya ulinzi. Umevunja amani. Umemzuia askari kufanya kazi yake."

"Kazi gani, Afande?" akauliza Tunu.

"Doria."

Akamchukua. Mwatumu alikuwa upande wa pili wa majabali anachuma majani. Aliporudi, wenzake walimpisha njia, wakamwonyesha kwa kidole upande wa kituo, na hapo akajua.

Akashika njia mpaka kituoni. Kaunta yumo Koplo Kobe na kitabu chake.

"Shikamoo, Koplo."

"Maraaahabaa."

"Mwanangu amekamatwa. Nimekuja kumwona."

"Kukamata," akasema Kobe, "si idara yangu. Mimi napokea malalamiko. Unalalamika?"

"Nalalamika."

"Dhidi ya nani?"

"Dhidi ya Afande Chui."

Kobe akaweka kalamu chini. Akavuta shingo ndani kidogo. "Mama, malalamiko dhidi ya Afande yanapokelewa na Afande. Si idara yangu."

Mwatumu akaenda chumba cha pili, kwa Inspekta Mbweha. Mbweha amekaa, mguu juu ya mguu, mkia umemzunguka miguuni.

"Shikamoo, Inspekta. Mwanangu Tunu yuko ndani."

"Marahaba, mama. Najua. Faili lake ninalo. Upelelezi unaendelea."

"Mnapeleleza nini, baba? Alipiga mluzi, kila mtu amemsikia."

"Ndiyo. Sasa tunapeleleza aliyepigiwa mluzi alikuwa nani."

"Alikuwa Afande Chui."

Mbweha akatabasamu. Alikuwa na tabasamu zuri, la upole. "Hilo, mama, usiliseme tena. Nenda zako, ulete chakula cha mahabusu kila siku. Kulisha mahabusu si idara yetu."

Mwatumu akaenda nyuma ya kituo. Huko ndiko kulikuwa na pango la mahabusu. Mlango wake ni jiwe la duara, kubwa, linakaa kwenye mteremko. Sajenti Nungunungu analisukuma kwa gogo mpaka linapanda, halafu analitilia kigingi lisirudi. Akitoa kigingi, jiwe linashuka lenyewe: gruu, gruu, pwa! Limefunga. Aliye ndani, hata awe na nguvu za nyati, halisogezi, maana kwa ndani hakuna pa kushika.

"Sajenti, nifungulie nimwone mwanangu."

"Kufungua bila hati si idara yangu, mama. Lete chakula, nitampitishia chini ya jiwe."

Mwatumu akalala kifudifudi, mdomo kwenye uwazi chini ya jiwe. "Tunu!"

"Mama!" Sauti ikatoka ndani. "Mama, watoto walifika salama?"

"Wote saba."

"Mama, humu giza. Utakuja kesho?"

"Nitakuja kesho."

Kesho yake akaja na majani mateke na tini za mkuyu. Akaita, Tunu akaitika. Siku ya pili akaja, akaita, Tunu akaitika, akapiga na chafya moja. Siku ya tatu akaja, akaita. Kimya.

"Amelala," akasema Nungunungu. Akapokea tini, akatazama chini.

Siku ya nne akaja, akaita. Kimya.

"Amelala."

Siku ya tano vilevile. Njiani kurudi nyumbani Mwatumu alijisemea kwamba mtoto akikaa gizani analala sana, hilo linajulikana. Alilisema mara nyingi, mpaka akafika.

Siku ya sita hakwenda moja kwa moja pangoni. Alikwenda kaunta.

"Koplo Kobe, ile amri ya polisi unayo?"

"Ninayo."

"Nisomee."

Kobe akamtazama. Tangu apewe, hakuna aliyewahi kumwomba aisome. Akafurahi, maskini. Akatoa gome, akalipuliza vumbi, akaanza mwanzo. Akasoma asubuhi yote. Akasoma kazi tano. Akasoma vyeo na mavazi. Akasoma nani ampigie nani saluti, na nani aitikie. Mwatumu ameketi, masikio wima.

"Kifungu cha mahabusu," akasoma Kobe. "Mkuu wa Polisi atakagua mahabusu kila mwezi. Ataingia peke yake, ili mahabusu wamweleze shida zao bila hofu."

"Amewahi kukagua?"

"Hajawahi hata mara moja. Kifungu kinachofuata. Mlango ukifungwa, aliye ndani ni mahabusu, awe nani, awe nani. Hatatoka ila kwa hati yenye dole la Mkuu wa Polisi, naye Mkuu awe ameketi kwenye kiti chake, mbele ya meza yake."

"Rudia hapo, Koplo."

Kobe akarudia.

"Rudia tena."

Kobe akarudia tena. Mwatumu akasimama, akamshukuru, akaenda kwa Chui.

Chui alikuwa amelala chini ya meza yake, tumbo juu. Tangu apewe cheo alikuwa amenenepa, mkanda ulishaongezwa matundu mawili. Kumkumbuka Tunu hakumkumbuka. Alikuwa na mengi ya kula. Hati zikiletwa anatia dole bila kusoma, akisinzia kitini.

"Shikamoo, Afande."

"Nani wewe?"

"Raia tu, Afande. Mimi hupeleka chakula mahabusu."

"Sasa?"

"Nimekuja kutoa taarifa. Lakini naogopa."

"Sema."

"Afande, kila siku natia tini chini ya lile jiwe. Na wenzangu wanatia. Kila siku chakula kinaingia, na mtu hatoki. Sasa humo ndani pamejaa, Afande. Kimo kitu kinono. Nikiinama nakisikia kinahema, hoh… hoh… hoh… kimeshindwa hata kugeuka kwa mafuta."

Chui akafumbua jicho moja. "Kinono?"

"Afande, kinono mno."

"Kinono kama mimi?"

"Wewe mwembamba, Afande."

Chui akaketi. Mate yakamdondoka, to… to… to… juu ya meza. "Na kimewekwa kwa ajili ya nani? Mbona sikuambiwa?"

"Hilo sijui, Afande. Labda Sajenti anamtunzia mtu. Labda Inspekta." Mwatumu akainamisha kichwa. "Lakini nisikusumbue. Mahabusu ni ya Sajenti. Si idara yako."

Chui akapiga meza, pwa! "Idara zote ni zangu!"

"Basi na kukagua ni kwako, Afande. Amri inasema Mkuu anakagua. Tena inasema anaingia peke yake."

"Peke yake?"

"Peke yake, Afande. Hakuna wa kuchungulia anafanya nini humo."

Chui akavaa kofia upande upande, akatoka mbio. Mwatumu akamfuata nyuma, miguu yake mifupi. Hesabu yake ilikuwa hivi: jiwe litafunguliwa, Chui ataingia, Tunu atatoka, kigingi kitang'oka. Hesabu fupi, ya mambo manne. Aliirudia njia nzima: litafunguliwa, ataingia, atatoka, kitang'oka.

"Sajenti! Fungua!"

Nungunungu akaruka, miiba ikagongana, chakacha! Akapiga saluti, akasukuma gogo. Gruu, gruu, jiwe likapanda. Akatia kigingi.

"Nakagua," akasema Chui. "Asiingie mtu."

Akaingia. Giza likammeza. Wakamsikia ananusa, nff, nff, nff, anazidi kwenda ndani, maana pango lile lilikuwa refu.

Mwatumu akasogea mdomoni mwa pango. "Tunu!" akaita kwa sauti ya chini. "Tunu, toka mwanangu. Upesi. Pita ukutani."

Kimya.

"Tunu, ni mimi. Amka."

"Mama," akasema Nungunungu nyuma yake. "Usiite."

Mwatumu hakugeuka.

"Hayumo," akasema Nungunungu. "Inspekta alimchukua siku ile ya tatu, kabla hujafika. Alisema ni mahojiano. Hati ilikuwepo, na dole la Afande lilikuwepo. Nikafungua. Ilikuwa halali, mama. Sikuona kosa kwenye hati."

"Alimrudisha?"

"Alirudi peke yake. Anajilamba."

"Na tini?"

Nungunungu akatazama mikono yake. "Nilizila mimi. Sikuweza kukuambia uache kuleta."

Mwatumu akasimama pale. Kutoka ndani sauti ya Chui ikaja, kwa mbali, ina hasira: "Mbona humu hamna kitu? Kinono kiko wapi?"

Sikilizeni sasa. Ngano nyingine hapa mnyama mdogo anacheka, anaruka, anaimba wimbo. Mwatumu hakuimba. Alikishika kigingi kwa mikono miwili. Nungunungu alimwona. Alikuwa na miiba mia tatu mgongoni, na hakusimamisha hata mmoja.

Gruu. Gruu. Pwa!

"Nani huyo?" Chui akanguruma. "Fungua!"

Nungunungu akakohoa. Alikuwa askari wa kazi, yule. "Aliye ndani ni nani?"

"Mimi! Mkuu wa Polisi!"

"Mkuu wa Polisi yuko ofisini kwake. Mlango ukifungwa, aliye ndani ni mahabusu. Hati iko wapi?"

"Nipe hati nitie dole, mpumbavu wewe!"

"Ukiwa umeketi kwenye kiti chako, Afande. Mbele ya meza yako."

"Kiti kiko nje!"

"Ndiyo, Afande."

Chui akajitupa kwenye jiwe, pwa! Akajitupa tena, pwa! Jiwe halikutikisika. "Mwite Kobe!"

Kobe akaja. Alifika kesho yake. "Unalalamika?"

"Nalalamika!"

"Dhidi ya nani?"

"Dhidi ya huyo Sajenti, dhidi ya jiwe, dhidi ya wote!"

"Malalamiko ya askari yanapitia kwa Mkuu wa Polisi," akasema Kobe. "Mimi si…"

— Haya, si nini?
— Si idara yangu!

Vizuri. "Mwite Mbweha!" Mbweha akaja, akaketi mbele ya jiwe, mguu juu ya mguu.

"Afande, pole sana. Upelelezi unaendelea."

Akaondoka. Hakurudi.

Siku ya kwanza Chui alinguruma. Siku ya nne aliomba. Siku ya saba aliita majina ya watu ambao hakuna aliyewajua, labda ya mama yake. Siku ya tisa palikuwa kimya, na Nungunungu hakumwambia mtu kwamba amelala.

Wanyama walipopata habari, lo! Shangwe! Ngoma, ndu-ndu-ndu, vigelegele. Wakamtafuta Mwatumu wambebe mabegani. Wakamkuta ameketi mbele ya ufa wake. Wakasema, "Amechoka, mwacheni," wakaenda kucheza. Walicheza siku mbili.

Siku ya tatu tarumbeta ikalia. Mkutano. Amri mpya imetoka kwa Simba. Kobe akasoma, polepole kama kawaida: Mkuu mpya wa Polisi ni Mbweha.

Mbweha akapanda juu ya jiwe. Kofia ilikuwa kubwa kwake, akaikunja pembeni, ikamkaa vizuri.

"Ndugu zangu," akasema. Chui hakuwahi kuwaita ndugu. "Tumepita kwenye kipindi kigumu. Mkuu aliyepita alikuwa na mapungufu. Mimi nitawasikiliza."

Makofi, pa! pa! pa!

Mwatumu akatoka mbele. Mdogo vile, wa nyuma walimsikia tu. "Huyu alimtoa mwanangu mahabusu," akasema, "akamla."

Mbweha akashuka jiweni, akamsogelea, akainama mpaka macho yao yakalingana.

"Mama, pole," akasema. "Pole sana. Naunda idara mpya leo hii, Idara ya Waliopotea. Na ningependa wewe uwe mkuu wake. Utapewa kofia."

"Sitaki kofia. Nataka ushitakiwe."

"Nani anishitaki?" akauliza Mbweha, kwa upole kabisa, kama anayeomba kuelekezwa njia.

Mwatumu akageuka, akawatazama wanyama. Akawatazama pimbi wenzake. Baba wa wale watoto saba alikuwepo, jina lake Mzee Heri. Mzee Heri akamshika mkono, akamvuta kando.

"Mwatumu, dada yangu, nyamaza."

"Ninyamaze?"

"Chui alikuwa akila watatu kwa wiki. Huyu ni mdogo, tumbo lake dogo. Anatosheka na mmoja. Tumepata nafuu, dada. Usituharibie."

"Na huyo mmoja?"

Mzee Heri alikuwa anawahesabu watoto wake kwa macho, mmoja mmoja, mpaka saba, kisha akaanza upya.

Mwatumu alijaribu. Nisiseme hakujaribu. Siku mbili baadaye alikwenda kwa Mbweha, akainamisha kichwa, akamwambia, "Afande, mahabusu kuna kitu kinono." Mbweha akacheka, cheko la kirafiki.

"Mama Tunu," akasema, "mimi nilikuwepo ulipomwambia yule. Nilikuwa chumba cha pili, ukuta mwembamba. Ningeweza kumzuia." Akampapasa begani. "Nakushukuru. Kama si wewe, ningesubiri cheo hiki mpaka nizeeke."

Halafu akamfungulia mlango mwenyewe, kwa heshima, apite.

Jioni hiyo hiyo amri ikarekebishwa. Mkuu hakagui tena mahabusu. Na gome la amri lisisomewe raia.

Asubuhi Mwatumu akaenda kaunta. Kobe alipomwona akavuta shingo ndani.

"Mama, siruhusiwi kukusomea."

"Sikuja kusomewa."

"Unalalamika?"

"Silalamiki. Nimekuja kutoa taarifa."

Kobe akatoa shingo kidogo. "Taarifa naandika."

"Andika: Tunu."

"Tunu nani?"

"Tunu binti Mwatumu. Pimbi. Wa jabali la juu."

Kobe akaandika. Kalamu yake ilikuwa inakwenda krr… krr… krr… Ilichukua muda mrefu. Watu wawili walikuja nyuma ya Mwatumu, wakasubiri, wakakata tamaa, wakaondoka.

"Tukio?"

"Aliingia mahabusu. Hakurudi."

Kalamu ikasimama. Kobe akatazama mlango wa chumba cha pili, akatazama kitabu. Kisha kalamu ikaendelea, krr… krr… Aliingia. Mahabusu. Hakurudi.

"Na hapa pana sehemu ya sababu," akasema.

"Acha wazi."

Kobe akaiacha wazi. Akakifunga kitabu, akaweka mikono yake yote miwili juu yake, kama kuna upepo, na upepo haukuwepo. Mwatumu akasema asante. Akatoka nje, jua kali limesimama, akarudi majabalini peke yake.

— Imeishia hapo?
— Ngano yangu imekaa chini, imenyoosha miguu.
— Na funzo lake?

Funzo lake, wanangu, ni hili, na mlishike sana. Polisi ni rafiki wa kila raia. Ukimwona askari mwenye kofia, msogelee bila hofu. Akikwambia ngoja, ngoja. Mpe ukweli wote, jina lako, la baba yako na pale unapolala, na utaona jinsi mambo yako yatakavyoshughulikiwa. Ndivyo tulivyofundishwa kule kota, tulisimama mstari tukaimba.

Mbona mmenyamaza? Itikeni basi.

— …

Haya. Inukeni mkanawe mikono, chakula tayari.